Mavazi, Mitaa na Majina: Dhana za Kitabaka kuhusu Vijana wa Thika na Ruiru

Utangulizi

Watu husomana kabla hawajasemezana. Kofia ya kijana, viatu vyake, mtindo wa nywele zake na namna suruali yake ilivyokaa kiunoni huwa vimekwisha kutoa habari zake hata kabla hajafungua kinywa. Habari hizo huenda zikawa za kweli, huenda zikawa za uongo. Lakini hupokelewa, huaminiwa, na mara nyingi hutumiwa kumpa kijana huyo nafasi au kumnyima. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mavazi ya vijana yanavyofungamanishwa na tabaka, jinsi lugha inavyoupa ufungamano huo majina, na jinsi majina hayo yanavyozaa hukumu. Mifano yetu ya msingi inatoka katika miji ya Thika na Ruiru, Kaunti ya Kiambu, ingawa tutafika Pwani, na hata Uingereza, pale ambapo ulinganisho utatufaa.

Kwa neno 'tabaka' tunamaanisha kundi la watu wanaokaribiana kwa mapato, kazi, elimu na heshima wanayopewa katika jamii. Kwa 'dhana ya jumla' tunamaanisha maoni yanayobandikwa watu wote wa kundi fulani pasipo kumchunguza mmoja mmoja. Mtu anayesema kwamba kila kijana mwenye nywele za msokoto ni mhalifu, au kwamba kila kijana anayezungumza Kiingereza chepesi ni mtoto wa tajiri asiyejua shida, anatumia dhana ya aina hiyo.

Kwa nini Thika na Ruiru?

Thika imezoeleka kuitwa Birmingham ya Kenya kwa sababu ya viwanda vyake. Ruiru nayo, ambayo kwa miaka mingi ilizungukwa na mashamba makubwa ya kahawa, imegeuka kuwa mji wa makazi. Sensa ya mwaka 2009 iliwahesabu wakazi 238,858 katika mji wa Ruiru. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu 490,120. Upanuzi wa barabara ya Thika, uliofanywa kati ya mwaka 2009 na 2012, uliisogeza miji hii karibu zaidi na Nairobi na kuwaleta wapangaji wa kila aina.

Matokeo yake ni kwamba watu wa matabaka mbalimbali wanaishi kwa kukaribiana mno. Katika mji mmoja wa Thika mna mtaa wa Section 9 wenye nyumba za nafasi, na mna Kiandutu yenye vibanda vya mabati. Ruiru ina mtaa wa Membley, na ina ploti za vyumba vya kupanga zilizosongamana pande nyingine. Ongeza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mount Kenya pale Thika, wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta pale Juja, na wa Zetech pale Ruiru. Vijana hawa wote hupanda matatu zilezile na kushuka katika stendi zilezile. Pale ambapo matabaka hayatenganishwi na umbali, watu hutafuta alama nyingine za kutenganishana, na alama iliyo karibu zaidi ni nguo.

Nguo na hadhi katika historia yetu

Jambo hili halikuletwa na redio wala na intaneti. Katika miji ya Waswahili ya karne ya 19, mavazi yalikuwa kitambulisho cha hadhi. Muungwana alijulikana kwa kanzu, kofia na viatu vyake. Mtumwa alijulikana kwa merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kilichopewa jina la nchi kilikotoka, na kwa kaniki, kitambaa cheusi cha bei ya chini. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, miongoni mwa mambo ambayo walioachwa huru walifanya ni kubadili mavazi. Wanaume walivaa kanzu na kofia. Wanawake waliacha kaniki na kujifunga kanga. Kuna waungwana waliochukizwa na jambo hilo na kuliona kuwa ni kujikweza. Kwa aliyevaa, hata hivyo, kanga ile ilikuwa tangazo kwamba hamilikiwi tena na mtu.

Ngoma ya beni iliyoanza katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19 inatupa mfano wa pili. Vijana walijiundia vyama vilivyokuwa na maofisa, vyeo na sare za kuigwa kutoka kwa wanajeshi na mabaharia wa Kizungu. Katika Tanganyika vyama vya Marini na Arinoti vilishindana kwa muziki na kwa mavazi, na kwa jumla Marini ilijivunia watu waliojiona kuwa na hadhi ya juu zaidi, ilhali Arinoti iliwavuta zaidi wafanyakazi wa kawaida na wageni wa mjini.

Bara nako hali haikuwa tofauti sana. Kuanzia mwaka 1920 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande, na wengi walikitia katika kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Katika mashamba ya kahawa na mkonge ya sehemu za Ruiru na Thika, kijaluba hicho kilikuwa kama vazi la lazima la tabaka la vibarua. Harry Thuku alipoongoza upinzani dhidi ya kipande na kodi, na kukamatwa mwezi Machi 1922, alikuwa akipinga pia alama ya unyonge iliyovikwa mwili wa mtu.

Mifano hii mitatu inatufunza jambo moja. Mavazi yakiwa alama ya tabaka, tabaka la chini huyageuza kuwa chombo cha kudai heshima. Na tabaka la juu, likiona alama yake imechukuliwa, ama huikejeli ama huiacha.

Mfano wa Uingereza

Wataalamu wa tamaduni za vijana wameichunguza Uingereza kwa kina, na kwa hiyo ni vyema tuitazame kwa ufupi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mafundi cherehani wa mtaa wa Savile Row, London, walifufua mtindo wa nguo wa enzi ya Mfalme Edward wa Saba kwa ajili ya vijana wa tabaka la juu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, vijana wa familia za wafanyakazi waliuchukua mtindo huo: koti refu lenye ukosi wa mahameli na suruali ya kubana. Wakaitwa Teddy Boys, kwa kuwa Teddy ni ufupisho wa Edward. Mara tu walipouvaa wao, vijana wa tabaka la juu waliuacha, na vazi lililokuwa la kibwana likageuka kuwa dalili ya uhuni.

Mwaka 1964 makundi ya Mods na Rockers yalipigana katika miji ya pwani kama Clacton na Brighton. Mods walipenda suti nadhifu na skuta. Rockers walipenda makoti ya ngozi na pikipiki kubwa. Stanley Cohen, katika kitabu chake cha mwaka 1972, alionyesha kwamba magazeti yaliyakuza mapigano hayo kupita kiasi, hata jamii ikashikwa na hofu na kuliona vazi lenyewe kuwa hatari. Mwaka 1979 Dick Hebdige alieleza mtindo wa vijana kama lugha: vitu vya kawaida, mathalani pini na buti, hupewa maana mpya ili kuwakaidi wenye nguvu.

Mfano wa karibu zaidi na mada yetu ni neno 'chav'. Mwaka 2004 wachapishaji wa kamusi wa Oxford walilitaja kuwa neno la mwaka. Lilitumiwa kuwakejeli vijana wa tabaka la wafanyakazi waliovaa nguo za michezo, vidani na kofia za kampuni ya Burberry zenye mirabaraba. Kampuni yenyewe iliacha kuuza kofia hizo na kupunguza matumizi ya mirabaraba yake. Mnamo mwaka 2011 Owen Jones aliandika kitabu kizima kueleza kwamba dhihaka hiyo ya mavazi ilikuwa kisingizio cha kulidharau tabaka zima lililopoteza viwanda na ajira.

Mtumba unapovuruga alama

Je, maelezo hayo ya Uingereza yanatosha kwa Thika na Ruiru? Kwa maoni yetu hayatoshi, na sababu yake ni mtumba.

Neno 'mtumba' kwa asili ni mzigo uliofungwa pamoja. Nguo kuukuu zilizoletwa kwa mizigo ya aina hiyo zikaitwa nguo za mitumba, na hatimaye mzigo ukaipa nguo jina lake. Biashara hii ilipanuka sana baada ya soko la Kenya kufunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wakati huohuo viwanda vya nguo vilidhoofika. Kicomi ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret zilifunga milango katika muongo huo, ingawa Rivatex ilifufuliwa baadaye chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Thika, yenye viwanda vya nguo kama Thika Cloth Mills, ikawa mji unaofuma vitambaa huku wakazi wake wengi wakivaa nguo zilizovaliwa kwanza ng'ambo. Serikali ilipozuia uagizaji wa mitumba kwa miezi kadhaa mwaka 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, ilidhihirika ni watu wangapi wanaotegemea biashara hii kwa mavazi na kwa riziki.

Mtumba una mpangilio wake. Mzigo ukifunguliwa, nguo bora zinazochaguliwa kwanza huitwa 'kamera'. Zinazofuata huuzwa kwa bei ya wastani, na mabaki huitwa 'fagia', yaani yale yanayozolewa mwisho. Katika mpangilio huu bei haifuati jina la kampuni iliyoishona nguo; hufuata hali ya nguo na zamu ya mnunuzi. Kwa hiyo koti la kampuni maarufu, ambalo London lingemtambulisha mwenye fedha, laweza kumfikia kibarua wa kiwandani kwa fedha kidogo iwapo aliamka mapema. Naye mwanafunzi aliyenunua shati jipya katika duka la kifahari huenda akaonekana amevaa shati la kawaida tu.

Hapo ndipo tofauti kuu ilipo. Uingereza, alama ya tabaka ilikaa katika chapa ya nguo, kwa sababu bei ya chapa ilijulikana na kila mtu. Kwetu, mtumba umekata kamba iliyofunga chapa na bei. Hata hivyo ubaguzi wa kitabaka haukufa, ulihama. Tunaweza kutaja mahali patatu ulipohamia.

Kwanza, ulihamia katika hali ya vazi. Kiatu chenye tope au vumbi la njia isiyotiwa lami humtangaza mvaaji kuwa ametoka upande gani. Ndiyo maana wang'arisha viatu hupata kazi karibu na stendi za matatu: mteja wao hununua ung'avu, lakini hununua pia kimya kuhusu mtaa wake.

Pili, ulihamia katika namna ya kuvaa. Kofia ileile ikigeuzwa nyuma, suruali ileile ikishushwa, hupata maana nyingine. Kijana wa Membley akifanya hivyo huambiwa anafuata mtindo. Wa Kiandutu akifanya hivyo huulizwa anatoka wapi na anakwenda wapi.

Tatu, ulihamia katika lugha. Kwa kuwa nguo haitoshi tena kumpambanua mtu, msikilizaji husubiri aseme. Kiingereza, Kiswahili, Gikuyu na Sheng, pamoja na lafudhi ya kila kimoja, hukamilisha kazi ambayo nguo imeshindwa kuifanya.

Majina yanayobandikwa

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, hapa ndipo penye mavuno mengi. Lugha yetu haikosi msamiati wa matabaka. Katika miaka ya 1960 liliundwa neno 'wabenzi' kwa kuongeza kiambishi wa- kwenye jina la gari, kana kwamba wenye magari ya Mercedes-Benz ni kabila jipya. Tunayo pia mabwanyenye, makabwela na walalahoi. Sheng imeongeza 'sonko' na 'mdosi' kwa mwenye fedha, na 'mbabi', wingi wake 'mababi', kwa kijana aliyelelewa katika mitaa ya kitajiri, anayedhaniwa kuwa hodari wa Kiingereza na mgeni wa maisha ya mtaani.

Neno 'mbabi' linatukumbusha kwamba dhana za jumla hazitoki juu kwenda chini pekee. Tabaka la chini nalo hubandika. Mwanafunzi anayeitwa mbabi anaweza kutengwa na wenzake na kuonekana hana haki ya kusema lolote kuhusu ugumu wa maisha, hata kama karo yake inalipwa kwa mkopo na wazazi wake wanadaiwa kodi ya nyumba. Tofauti ni kwamba jina hilo humpa aibu, lakini ni nadra kumpeleka korokoroni. Majina yanayotoka juu kwenda chini huwa na nguvu zaidi, kwa sababu nyuma yake wamesimama mwajiri, mwenye nyumba na askari.

Aidha, tutahadhari tusivisome viambishi kwa pupa. Kuna wanaodai kwamba ma- ya 'mababi' na 'masonko' inaonyesha dharau, kama inavyoweza kuwa katika Kiswahili sanifu. Lakini Sheng hutumia ma- kuunda wingi wa nomino nyingi, hata za watu wapendwao, kama vile 'mabeshte', yaani marafiki wa karibu. Dharau hukaa katika matumizi zaidi ya kukaa katika kiambishi.

Neno 'mshamba' nalo lina kichekesho chake katika Ruiru. Mitaa mingi ya Ruiru imejengwa pale palipokuwa na mashamba ya kahawa. Kijana anayemwita mwenzake mshamba kwa sababu ya viatu vyake huenda amesimama juu ya shina la mbuni lililong'olewa juzi tu.

Yapo pia maneno ya sifa. 'Kutokelezea' ni kuonekana nadhifu na wa kupendeza. Kitenzi hiki kimejengwa kwa mzizi -tok- pamoja na mnyambuliko unaofuata kanuni za Kiswahili, na maana yake imebeba wazo la kujitokeza mbele za watu. Anayetokelezea amekataa kufichwa. Linganisha na neno 'sare', lenye maana ya vazi la namna moja na pia ya timu kufungana mabao sawa. Shule zetu huwavika wanafunzi sare kwa nia ya kuwasawazisha. Lakini sweta lililochanika kiwikoni humfichua mvaaji hata katikati ya usawa huo.

Kutoka jina hadi adhabu

Dhana za kitabaka zingekuwa mzaha tu lau zingeishia mdomoni. Mwaka 1969 Tanzania ilianza kutekeleza Operesheni Vijana iliyotangazwa na Umoja wa Vijana wa TANU mwaka uliotangulia. Sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana zilipigwa vita kama dalili za ukoloni mamboleo. Nchini Kenya, kanuni za usafiri zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 chini ya Waziri John Michuki ziliwataka madereva wa matatu kuvaa buluu na makondakta kuvaa rangi ya damu ya mzee. Lengo lilikuwa usalama na nidhamu, na abiria wengi walishukuru. Hata hivyo sare hiyo ilikiri pia kwamba jamii ilikuwa imekwisha kuwaona vijana wa matatu kuwa watu wa kutiwa alama.

Jambo zito zaidi ni nywele. Kundi la Mungiki, lililopigwa marufuku mwaka 2002, lilihusishwa na nywele za msokoto. Katika miji ya Kati kama Thika na Ruiru, kijana mwenye nywele hizo aliweza kushukiwa kwa sababu ya kichwa chake tu, awe msanii, Mrastafari au mwanafunzi. Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba shule haikuwa na haki ya kumfukuza mwanafunzi Mrastafari kwa sababu ya nywele zake. Uamuzi huo uliitenganisha alama na shutuma, jambo ambalo mazungumzo ya mitaani hayajalifanya kikamilifu.

Wasichana hubeba mzigo maradufu, kwa kuwa nguo zao husomwa kitabaka na kimaadili kwa pamoja. Baada ya mwanamke mmoja kuvuliwa nguo hadharani jijini Nairobi mwaka 2014, mamia ya wanawake waliandamana mwezi Novemba kudai haki ya kuvaa watakavyo. Ikumbukwe kwamba mashambulizi ya namna hiyo hutokea stendi, pale anapopita yule asiye na gari la kumficha.

Matukio ya Juni 2024 yanatupa ushahidi wa karibu. Vijana walipoanza kuandamana dhidi ya Mswada wa Fedha, baadhi ya wanasiasa waliwabeza kuwa ni watoto wa starehe wenye simu za bei ghali, wanaokuja kwa teksi na kurudi kula kuku wa kukaanga. Bunge lilipovamiwa tarehe 25 Juni, lawama zikageukia wahalifu waliodaiwa kuyateka maandamano. Katika muda wa siku chache, kizazi kilekile kilivikwa dhana mbili zinazopingana: mababi wasio na shida, na wahuni wasio na adabu. Kilichobadilika ni haja ya msemaji. Hili linathibitisha kwamba dhana ya jumla haielezi sana yule anayetajwa. Hueleza zaidi kile ambacho mtajaji anataka asisikilizwe.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba mavazi yamekuwa alama ya tabaka tangu zama za kaniki. Kwamba walio chini huyatwaa mavazi ya walio juu ili kudai heshima. Na kwamba katika miji ya Thika na Ruiru mtumba umezichanganya alama za nguo kiasi cha kuufanya ubaguzi uhamie katika hali ya vazi, namna ya kuvaa na lugha. Hoja hii ya mwisho inatuhusu sisi moja kwa moja. Ikiwa lugha ndiyo imebaki kuwa kipimo cha tabaka, basi mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi kwa kuchanganya Sheng na Kiswahili sanifu hana budi kujiuliza anasahihisha nini: insha iliyo mbele yake, au mtaa alikotoka mwandishi wake? Kufundisha lugha sanifu ni wajibu. Kuifanya sanifu iwe kanzu ya waungwana wachache ni jambo jingine.

Tunapendekeza mambo mawili. La kwanza ni kwamba wanafunzi wa Kiswahili wakusanye msamiati wa mavazi na matabaka katika miji hii pamoja na miktadha yake, yaani nani alimwita nani jina gani, wapi, na nini kilifuata, kwa kuwa kamusi itakayotoa maana pasipo muktadha itayahifadhi matusi kana kwamba ni ukweli. La pili ni kwamba tuzoee kumsikiliza mtu hadi mwisho wa sentensi yake. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako; nasi twaweza kuongeza kwamba jina la kubandikwa halimweleze mwenyewe.